Mke Anakufa, Mgoni Anarudi Nyumbani: Adhabu ya Uzinzi Katika Fasihi

*"Naongoza kikundi cha watu wazima tunaosoma vitabu pamoja. Mwaka huu tumesoma Madame Bovary, Anna Karenina na The Scarlet Letter. Katika viwili mwanamke anajiua, katika cha tatu anavishwa alama ya aibu kifuani. Mwenzetu mmoja anasema waandishi wa zamani walikuwa wahubiri tu: mke akichepuka lazima afe, na hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya enzi zao. Mwingine anasema hapana, walikuwa wanamtetea mwanamke. Mimi kinachonisumbua ni kwamba wanaume karibu wote wanasalimika. Je, fasihi ya kale zaidi ilikuwa kali kuliko hii? Tuliishia kurushiana maneno, na mwenzetu mmoja tangu siku hiyo hajafungua mdomo kikundini. Tufanyeje?"*

Umeuliza kuhusu vitabu na umeuliza kuhusu mtu. Nitaanza na vitabu, kisha nije kwa huyo mwenzenu aliyenyamaza, maana yeye hawezi kusubiri sana.

Wenzako wanaobishana wote wawili wana hoja, ila wamechanganya mambo matatu ambayo msomaji wa hadithi za fumanizi hana budi kuyatenga. Kuna adhabu iliyomo katika sheria ya nchi na ya wakati ule. Kuna adhabu wanayoitoa wahusika wenyewe: mume, majirani, kanisa, mabibi wa mjini. Halafu kuna adhabu ya msuko, pale mwandishi anapoamua nani afe na nani abaki. Mchukue Hester Prynne wa The Scarlet Letter. Sheria ya koloni la Massachusetts katika miaka ya 1640 ilikuwa kifo, na mwaka 1644 Mary Latham na James Britton walinyongwa huko kwa kosa hilo hilo. Wahusika wa riwaya wanapunguza: saa tatu jukwaani mbele ya umma, na herufi A nyekundu kifuani maisha yake yote. Naye mwandishi, Nathaniel Hawthorne, aliyeichapisha mwaka 1850, yaani miaka mia mbili baada ya enzi anayoisimulia, anamwacha Hester azeeke akiwa mtu wa kuendewa kwa ushauri. Ni mwanamke mmoja na vipimo vitatu tofauti vya adhabu. Kwa hiyo kauli kwamba "hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya enzi zao" haisimami hata kwa kitabu mlichokwisha kukisoma.

Sasa hili la ukali wa kale. Watu wengi hudhani kadiri unavyorudi nyuma ndivyo mawe na mapanga yanavyoongezeka, mpaka ukifika mwanzo kabisa unakuta damu tupu. Fungua Odyssey ya Homer, kitabu cha nane. Mwimbaji kipofu Demodocus anaburudisha wageni kwa kisa cha Ares, mungu wa vita, aliyekuwa akimwendea Aphrodite, mke wa mhunzi Hephaestus. Jua lilimwona, likamwambia mume. Mhunzi akafua wavu mwembamba kama utando wa buibui, usioonekana kwa macho, akautega juu ya kitanda chake mwenyewe, akaaga kwamba anasafiri. Waliponaswa akaita miungu yote ije ishuhudie. Miungu wa kike walibaki majumbani kwa haya. Wa kiume wakasimama mlangoni wakaangua kicheko, na Apollo akamtania Hermes kama angekubali kufungwa hivyo ili alale pale. Hermes akajibu angekubali hata minyororo iwe mara tatu. Hephaestus anadai nini? Anadai arudishiwe mahari aliyompa baba mkwe. Poseidon anadhamini kwamba Ares atalipa fidia ya ugoni, wavu unafunguliwa, mgoni anakwenda Thrace, mke anakwenda Kupro kuogeshwa na kupakwa mafuta. Kisa kimeisha, na wasikilizaji wamefurahi.

Katika utendi huo huo, kitabu cha nne, Helen, aliyemwacha mumewe akaenda Troy na mwanamume mwingine, na ambaye kwa ajili yake Wagiriki walipigana miaka kumi, ameketi kwa mumewe Sparta na kikapu chake cha fedha chenye magurudumu, anasokota sufu na kuwapigia wageni hadithi. Hakuna aliyemgusa. Clytemnestra, mke mwingine aliyekuwa na mpenzi, yeye anauawa, lakini alikuwa amemuua mumewe Agamemnon, na hata mtunzi wa tamthilia Aeschylus alipoipandisha habari hiyo jukwaani mwaka 458 KK alimpa mwanamke huyo madai mazito: mume alimtoa binti yao kafara, kisha akarudi kutoka vitani na mateka wa kike kwenye gari lake. Kwa hiyo kale kuna kicheko, kuna fidia, kuna msamaha na kuna damu, vyote kwa pamoja.

Kinachoeleza tofauti hizi ni swali moja ambalo ningependa mlibebe kila mnapofungua kitabu cha namna hii: katika hadithi hii, nani mwenye dai? Nani anahesabiwa kuwa ameibiwa?

Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, kiasi cha mwaka 1750 KK, kifungu cha 129, mke akifumaniwa wote wawili hufungwa pamoja na kutupwa majini. Lakini mume akitaka kumwokoa mkewe, mfalme naye anaweza kumwachia mwanamume. Mwenye dai ni mume. Yeye ndiye mwenye kusamehe, na msamaha wake ndio unaomfungulia mgoni njia. Dai likiwa la mume, linaweza kulipwa kwa mali, kama kwa Homer, au kwa damu. Na mume mwenyewe akitoka nje na mwanamke asiye na mume, hakuna aliyeibiwa chochote, kwa hiyo hakuna hadithi. Hapo ndipo penye mzizi wa swali lako kuhusu wanaume.

Dai likihamia kwa Mungu, mizani inabadilika ghafla, na mara nyingi inamgeukia mwanamume. Daudi katika kitabu cha pili cha Samweli anamchukua Bathsheba na kumpeleka mumewe Uria vitani akafe. Nabii Nathani hamwendei Bathsheba. Anamwendea mfalme na hadithi ya tajiri aliyechinja kondoo mmoja wa maskini, na Daudi akiisha kughadhibika juu ya tajiri yule, anaambiwa: wewe ndiwe mtu huyo. Anayekufa, hata hivyo, ni mtoto mchanga, na upanga unaingia nyumbani mwake kwa vizazi. Jambo hili la adhabu kuwaangukia wasiohusika mtaliona tena na tena, hadi kwa Flaubert, mwandishi wa Madame Bovary. Kisa cha Yusuf, kilichomo katika Biblia na Kurani, kinakwenda mbali zaidi: anayefungwa gerezani ni kijana aliyekataa, tena katika Kurani kanzu yake iliyochanika kwa nyuma ilikwisha kuthibitisha kuwa alikuwa anakimbia. Na mkigusa hukumu za dini zenyewe, nendeni taratibu. Surat an-Nur, kwa mfano, inataja mijeledi mia, lakini papo hapo inadai mashahidi wanne, na anayesingizia bila mashahidi hao ana mijeledi themanini. Anayenukuu nusu ya kwanza peke yake hajasoma. Kikundi chenu kikitaka kuingia huko kwa kina, mwalikeni mtu aliyesomea fani hiyo akae nanyi. Mimi ni mtu wa fasihi.

Masimulizi ya Alfu Lela Ulela nayo huanza na fumanizi, na watu husahau hilo kwa sababu ya majini na taa. Mfalme Shahriyar anamuua mkewe na watumwa, halafu hatosheki. Anaoa bikira kila usiku na kumuua asubuhi. Kisasi kimeacha kabisa kumtafuta mkosaji, kinatafuta jinsia nzima. Shahrazad, bibi harusi anayemsimulia visa usiku baada ya usiku, hamjibu kwa kumtetea mke wa kwanza. Anamjibu kwa kumnyima mwisho wa hadithi. Kwangu mimi hicho ndicho kisa kikali kuliko vyote juu ya mume aliyefumania, kwa sababu mgonjwa anayetibiwa ni yeye.

Katika karne za kati za Ulaya mambo yanapendeza, nami nitakaa hapa kidogo. Dante, katika sehemu ya kwanza ya Divina Commedia, anamweka Francesca wa Rimini na shemeji yake Paolo katika duara la pili la jehanamu, wakipeperushwa na tufani isiyotulia. Wahubiri wangepita haraka. Dante anasimama, anamsikiliza Francesca akieleza walivyokuwa wakisoma pamoja kitabu cha mapenzi mpaka wakafika mahali "siku ile hatukuendelea kusoma", na akiisha kusikia anazimia na kuanguka chini. Kuna jambo jingine linalopita bila kuonwa. Francesca anasema mume aliyewaua anangojewa Caina, nako ni chini kabisa, kwenye duara la tisa, kwa wasaliti wa ndugu zao. Wazinzi wako juu, kwenye upepo. Muuaji wao atakuwa kwenye barafu. Mwandishi huyo huyo anaamini adhabu ya Mungu kwa moyo wote na papo hapo anamnyang'anya mume haki ya kuitekeleza. Mwenzako anayedhani kuhubiri na kuhurumia haviwezi kukaa kalamu moja amsome Dante.

Kizazi kimoja baadaye, Boccaccio, katika Decameron, siku ya sita, hadithi ya saba, anasimulia habari za mji wa Prato uliokuwa na sheria ya kumchoma moto mke aliyefumaniwa. Madonna Filippa anakutwa na mumewe Rinaldo akiwa na mpenzi wake. Jamaa zake wanamshauri atoroke au akane. Anakwenda mahakamani mwenyewe. Hakimu, akiuona uzuri na ujasiri wake, anatamani sana akane. Yeye anakiri, kisha anasema sheria inapaswa kuwa ya wote na kukubaliwa na wale inaowahusu, na hii inawabana wanawake peke yao, nao hakuna hata mmoja aliyeitwa ilipotungwa. Halafu anaomba mumewe aulizwe kama amewahi kumnyima. Rinaldo anakiri hajawahi. "Basi," anauliza mwanamke, "kama amechukua kila alichohitaji, nikifanyeje kilichobaki? Niwatupie mbwa?" Mji mzima unaangua kicheko, na sheria inarekebishwa iwahusu wanaofanya hivyo kwa fedha tu. Hii iliandikwa katikati ya karne ya 14, miaka mia tano kabla ya Madame Bovary. Mnaweza kuicheka, na ilikusudiwa kuchekwa, lakini hoja ya kwanza ya Filippa ni ya kisheria kabisa na hakuna anayeijibu. Na msisahau kwamba Boccaccio huyo huyo, siku ya nne, ana mume anayemlisha mkewe moyo wa mpenzi wake. Yeye si mtetezi wala si mhubiri. Anajua tu kwamba hadithi moja ina miisho mingi.

Nchini Iran, katika karne ya 11, Gurgani alikuwa ameshaandika Vis na Ramin, ambamo mke wa mfalme na mdogo wa mfalme wanapendana, mfalme anauawa na nguruwe mwitu, na wawili hao wanatawala pamoja hadi uzeeni. Huko Japani kuna kisa halisi cha mke wa mtengeneza kalenda wa Kyoto aliyeuawa kwa amri ya serikali mwaka 1683 pamoja na mfanyakazi wa mumewe. Ihara Saikaku alikitia kitabuni mwaka 1686 na kuwaacha wafe kama walivyokufa. Chikamatsu alikifanya tamthilia ya vikaragosi mwaka 1715, na kwake mtawa anatokea dakika za mwisho na kuwaokoa. Kisa ni kilekile, na hatima ni mbili. Yeyote anayesema "enzi zile" kana kwamba enzi moja ina kauli moja, mpelekeni huko.

Katika tamthilia za heshima za karne ya 17 jambo la kutazama ni jingine: mke mara nyingi hana kosa. Desdemona, mke wa Othello katika tamthilia ya Shakespeare, hakufanya lolote. Mke katika El médico de su honra ya Calderón hakufanya lolote, na mumewe anamwita mtoa damu amkamue hadi afe. Kilichoadhibiwa ni uvumi. Pale dai linapokuwa ni heshima ya mume mbele ya watu, ukweli wa chumbani hauna kazi tena. Leso iliyookotwa, kama ya Desdemona, inatosha. Machado de Assis wa Brazil alilijua hili alipoandika Dom Casmurro mwaka 1899: msimulizi anampeleka mkewe Capitu uhamishoni Uswisi pamoja na mtoto, na msomaji akifunga kitabu hajapata hata ushahidi mmoja usiotoka kinywani mwa mume mwenye wivu. Wasomaji wa Brazil wanaubishania hadi leo.

Turudi kwenye vitabu vyenu, maana karne ya 19 ndiyo iliyowagombanisha. Hapa hakuna tena mto wa Hammurabi wala moto wa Prato. Kanuni ya adhabu ya Ufaransa ya mwaka 1810 ilimpa mke mzinzi kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili, kwa mashtaka ya mumewe. Mume naye alitozwa faini ya faranga 100 hadi 2,000, tena kama tu amemweka kimada ndani ya nyumba ya ndoa. Tofauti hiyo ilidumu vitabuni mwa sheria hadi 1975. Lakini ona: Charles Bovary hamshtaki mkewe. Hajui hata kidogo. Nani basi anamuua Emma?

Someni tena kurasa zile za mwisho mkiwa na kalamu mkononi, mwandike kila jina la mtu anayemwendea. Lheureux, mchuuzi wa vitambaa, amemkopesha mapazia, joho na zawadi za wapenzi, akamtia saini hati baada ya hati, na sasa amri ya mahakama inadai faranga 8,000 ndani ya saa ishirini na nne. Emma anamwendea mpenzi wake Léon, hana. Mwanasheria anataka mwili wake kwanza. Mtoza ushuru anabaki akishangaa. Rodolphe, mpenzi wake wa zamani, mwenye kasri na bunduki zilizonakshiwa, anasema hana fedha. Ndipo anapokwenda duka la dawa kula arseniki. Uzinzi ulimpeleka kwenye deni, ndiyo, ila mlango uliofungwa nyuma yake ni wa mkopeshaji. Na adhabu haiishii kwake: Charles anakufa, na binti yao Berthe anapelekwa kufanya kazi kwenye kiwanda cha pamba. Usiku wa maziko Rodolphe amelala kasrini kwake kwa amani, na Léon naye amelala. Flaubert anatuambia hivyo waziwazi, kwa sentensi kavu, bila kulalamika.

Ajabu ni kwamba mahakama ya Paris ilijadili swali lenu hilo hilo mapema mwaka 1857, Flaubert aliposhtakiwa kwamba kitabu chake kinaharibu maadili. Mwendesha mashtaka, Ernest Pinard, alilalamika kwamba ndani ya kitabu hakuna hata mtu mmoja awezaye kumhukumu mwanamke huyu. Wakili wa Flaubert akajibu kwamba kifo kile cha kutisha ndicho mahubiri yenyewe. Mwandishi akaachiwa huru tarehe 7 Februari. Kwa maoni yangu Pinard ndiye aliyesoma vizuri zaidi, ingawa alitaka kukifungia kitabu kwa sababu hiyo. Wakili alisema alichohitaji kusema ili mteja wake asifungwe. Kwa hiyo mwenzako wa "wahubiri" amesimama upande wa utetezi, na wa "watetezi" amesimama upande wa mashtaka, waambieni, watafurahi.

Anna ni mgumu zaidi, na hapa nitakuachia mashaka yangu. Tolstoy aliweka mbele ya kitabu maneno ya Warumi 12: kisasi ni juu yangu mimi, mimi nitalipa. Unaweza kuyasoma kuwa ni hukumu ya Mungu juu ya Anna. Unaweza pia kuyasoma kama yalivyo katika waraka wenyewe, ambako Paulo anawakataza wanadamu wasijilipizie kisasi, na hapo yanawageukia mabibi wa Petersburg wanaomsusa Anna kwenye opera huku wao wenyewe wana wapenzi. Kitabu kinabeba yote mawili. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni hiki: riwaya inaanza na uzinzi wa mwanamume, Stiva Oblonsky, kaka yake Anna, na anayekuja kumwombea msamaha kwa mkewe ni Anna mwenyewe. Stiva anasamehewa na anaendelea kula vizuri hadi mwisho. Mabibi kama Betsy wana wapenzi kwa siri na milango yote iko wazi kwao. Anna anataka kupenda hadharani. Talaka inategemea mume; aliyepatikana na hatia ya uzinzi hakuruhusiwa na kanisa kuoa au kuolewa tena; mwanawe Seryozha anaambiwa mama amekufa. Hakuna anayemsukuma relini. Wamemwondolea tu mahali pa kukaa, kimoja kimoja.

Ndivyo dai lilivyobadilika mikono. Kwa Homer unamjua anayedai, ana wavu mkononi. Katika riwaya ya karne ya 19 dai ni la "watu", na "watu" hawana uso. Aliyelieleza wazi kuliko wote ni Theodor Fontane katika Effi Briest ya mwaka 1895. Mume, Innstetten, anazikuta barua za mapenzi zaidi ya miaka sita baada ya mambo kwisha. Anamwita rafiki yake na kukiri kwamba hana chuki, kwamba bado anampenda mkewe, na hata hivyo lazima apambane kwa bastola na Meja Crampas, aliyeziandika barua hizo, kwa sababu kuna kitu katika jamii kinachotutawala, na kwa sababu sasa rafiki naye ameshajua. Crampas anauawa. Effi anaachwa. Baada ya miaka analetewa binti yake Annie kumsalimia, na kila anachomwomba mtoto, kama atakuja tena, kama watatembea pamoja, mtoto anajibu kama aliyefundishwa: "Bila shaka, nikiruhusiwa." Sijui adhabu katili kuliko hiyo katika fasihi nzima, na hakuna aliyeinua mkono. Effi anafifia na kufa akiwa bado kijana. Mwanamke halisi ambaye kisa chake kilimchochea Fontane, Elisabeth von Ardenne, alifanya kazi ya uuguzi na kuishi hadi mwaka 1952, akiwa na miaka 98. Maisha yalikuwa na nafasi ambayo msuko wa riwaya haukuwa nayo. Hapo mwenzenu anayewashuku waandishi ana hoja ya kweli: kifo cha mwanamke kilikuwa pia desturi ya utanzu, njia rahisi ya kufunga kitabu ambayo wasomaji na wachapishaji waliizoea. Chekhov aliikataa. Katika hadithi yake fupi ya mwaka 1899 kuhusu bibi mwenye mbwa mdogo hakuna anayekufa wala anayefumaniwa. Wapenzi wanabaki na kazi ndefu ya kuamua wataishije.

Na wanaume? Msiseme wote wanasalimika. Mchungaji Dimmesdale, mpenzi wa Hester, anajila kwa ndani miaka saba na kufa jukwaani. Crampas amelala mchangani. Vronsky, mpenzi wa Anna, mara ya mwisho tunamwona stesheni, anakwenda vitani Serbia, jino linamuuma, hataki tena maisha. Lakini ni kweli kwamba mizani haikulingana, na sababu ni zile zile za tangu mwanzo: uhakika wa baba wa mtoto, urithi, na dhana kwamba mke ndiye mali iliyoibiwa. Dhana hiyo wakati mwingine ilimbana mwanamume peke yake. Sheria ya jinai ya India ya mwaka 1860 ilimwadhibu mgoni tu na kumwacha mke, kama vile ng'ombe hashtakiwi kwa kuibiwa, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliifuta mwaka 2018 kwa sababu, pamoja na mengine, ilimfanya mke kuwa mali. Kuna sababu ya kifasihi pia: riwaya humfuata mwenye kitu cha kupoteza. Rodolphe hana, ndiyo maana anatuchosha.

Talaka ilipokuwa rahisi katika nchi nyingi karne ya 20, msuko huu ulipoteza meno. Uzinzi bado umejaa kwenye riwaya, ila adhabu yake sasa ni ya mezani: nani atakaa na watoto, nani atalala wapi, nani atamwambia mama mkwe.

Sasa mwenzenu. Hadithi hizi zina mtego wake: katika chumba cha watu wanane, karibu kila mara kuna mmoja aliyemo ndani ya kitabu. Huenda ni aliyetenda, huenda ni aliyetendwa, huenda ni mtoto aliyekulia nyumba kama ya Berthe. Msimuulize mbele ya wengine. Wewe kama kiongozi mtafute peke yake, mwambie umeona amenyamaza, na kwamba si lazima aeleze. Akitaka kurudi, arudi; akitaka kuruka kitabu kimoja, aruke. Ukisikia kuna kipigo nyumbani, kuna vitisho, au anazungumza kana kwamba njia ya Emma au ya Anna ni njia, usijaribu kulitatua kwa mazungumzo ya fasihi wala usingoje kikao kijacho. Usimwache peke yake, mfikishe siku hiyo hiyo kwa daktari, mshauri nasaha au mtu wa karibu anayemwamini. Ikiwa ni maumivu ya ndoa tu, mshauri wa ndoa au kiongozi wa dini anayejua kusikiliza atamfaa kuliko kikundi kizima chenye maoni. Na mnapojadili vifo vya wahusika hao, zungumzeni kilichowafikisha hapo. Namna walivyokufa haihitaji kurudiwa kwa undani.

Kwa kikao kijacho ningeacha riwaya nene. Chukueni hadithi ya Filippa, ni kurasa chache. Mmoja aisome kwa sauti, asimame pale mume anapokiri kwamba hakuwahi kunyimwa, na kila mtu aandike hukumu yake kwenye karatasi bila jina kabla hamjasikia hukumu ya Prato. Wiki inayofuata someni sura ya 27 ya Effi Briest, mazungumzo ya Innstetten na rafiki yake, na mgawane: nusu ya kikundi impe sababu za kupigana, nusu impe sababu za kuzichoma barua. Wale wawili waliorushiana maneno wawekeni upande mmoja.